Lubumbashi mpaka Guangzhou ni masaa ngapi kweli?

Mama mdogo aliniuliza kitu kimoja tu mbele ya safari, "Ku Guangzhou ni masaa ngapi?", na mimi na kujifanya najua nikafungua simu, nikaandika Luano, uwanja wetu wa ndeke, nikaandika Baiyun, uwanja wa Guangzhou, jibu likatoka palepale: kilomita kama 10,100, ndeke masaa 12 hivi. Nikamsomea. Naye akawaambia watoto wake, "Kesho asubuhi na mapema nitawapigia niko China." Hapo ndo niliharibu.

Ile namba si ya uongo lakini. Wanachukua mstari umenyooka juu ya dunia wanaugawa na spidi ya ndeke, basi. Km 10,100 ni robo nzima ya mzunguko wa dunia, sawa na kwenda Likasi, mji wa jirani wa km 120, mara 84 hivi, ila usiwaze hivyo juu barabara ya Likasi ina mambo yake.

Sisi tulipitia Addis Ababa. Luano mpaka Addis km 2,600, Addis mpaka Guangzhou km 8,000 na kidogo, jumlisha uone, ile kona ya Addis inaongeza km 550 tu, hata lisaa moja haifiki! Nilikuwa nadhani tunazunguka sana kumbe hapana, kinachokula siku ni kungoja.

Nyumbani tulitoka saa 10:00 asubuhi siku ya Jumanne, foleni ya bagaji, foleni ya pasipoti, kadi ya njano ya chanjo onyesha, onyesha tena, ndeke ikaruka 14:00. Masaa matatu na dakika 45 tuko Addis, wao wako mbele yetu lisaa moja. Tukakaa pale masaa matano na zaidi, mama mdogo amelalia mkoba wake, mimi napiga stori na kijana mmoja wa pale, kumbe Waethiopia nao wanahesabu saa kuanzia asubuhi kama Waswahili, saa moja yao nayo ni 7:00 ya asubuhi, nilifurahi bure. Saa sita ya usiku tukaruka tena, masaa kumi. Mpaka tunaingia chumbani Xiaobei, mtaa mmoja wa Guangzhou, ilikuwa Jumatano 17:30 ya kule, na China iko mbele yetu masaa sita, kwa hiyo Lubumbashi ilikuwa 11:30. Masaa 25 na nusu mlango kwa mlango, na ndani yake angani hatukufikisha hata 14. Watoto walikuwa wameshapiga simu kwa ukoo mzima.

Kwa hiyo ukikata tiketi, kilomita achana nazo, uliza unangoja wapi na masaa ngapi.

Kurudi ndo kulinichekesha. Upepo wa juu kule unatoka magharibi, ukienda China unakusukuma, ukirudi unakupiga usoni, Guangzhou–Addis ikawa masaa 11. Tulitoka 00:30, Luano tukatua 12:10 mchana, tarehe ileile. Kwa kweli ni masaa 17 na dakika 40, lakini mama mdogo aliangalia tiketi, akaangalia saa ya ukutani, akanigeukia:

"Unaona? Kurudi ni karibu. Usiku tulikuwa kwa Mashinwa, saa hii twende tukule bukari."

Nikabeba bagaji, nikanyamaza.