Kusaka mafuriko ya Nairobi kwa rada
Mvua ndefu zikianza, picha za kawaida za setilaiti juu ya Nairobi huwa mawingu matupu. Tumia rada ya Sentinel-1, setilaiti ya Ulaya, inayopenya mawingu. Chukua picha mbili za njia ileile ya setilaiti: moja ya Februari, nyingine ya siku za mafuriko. Punguza chengachenga (vidoadoa vya picha za rada) kwa kichujio, kisha linganisha nguvu ya mawimbi yanayorudi kwa desibeli, kipimo cha nguvu hiyo. Palipopungua kwa desibeli 3 au zaidi, shuku maji, kwa kuwa uso laini hurudisha mawimbi machache na kuonekana mweusi. Ukitegemea picha moja tu, lami ya uwanja wa ndege wa JKIA nayo itaonekana bwawa kwa kuwa ni laini. Mtaa wa mabanda wa Mathare ndio kasheshe: maji yakisimama kando ya kuta, mawimbi ya rada hudunda mara mbili na kurudi kwa nguvu, hivyo penye mafuriko huweza kung'aa badala ya kuwa peusi. Kwa vichochoro vile, pikseli ya mita 10 ni kubwa mno. Afadhali uwaulize wakazi.