Mtangazaji, tuambie foleni imesababishwa na nini

Nakaa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, na kazi yangu iko Posta, katikati ya jiji, kwa hiyo sehemu kubwa ya asubuhi zangu huishia ndani ya daladala kwenye Barabara ya Nyerere. Wenzangu ofisini wanashangaa kwamba bado nasikiliza taarifa za foleni redioni. Wao hufungua ramani kwenye simu, wakaona mstari mwekundu, basi. Mimi bado namsubiri mtangazaji, na leo nataka kueleza kwa nini.

Mstari mwekundu unaniambia magari yamesimama. Hilo hata nikichungulia dirishani naliona. Ninachokitaka ni chanzo, maana chanzo ndicho kinachoamua nitakaa pale muda gani. Kama trafiki amezuia upande wetu ili awamalize wanaotoka upande mwingine, navumilia, atatuita. Kama ni lori la kontena limekatika ekseli katikati ya Barabara ya Mandela, hapo mambo ni mengine kabisa: hakuna kitakachobadilika mpaka lije gari la kulivuta, na gari hilo nalo lazima lipenye foleni hiyohiyo. Nikisikia hivyo nampigia bosi mapema, kabla saa mbili haijafika, naye anapanga kazi zake bila kunitegemea. Simu ya namna hiyo ina heshima kuliko ile ya kujieleza ukiwa umeshachelewa.

Siku za mvua ndipo redio inaponisaidia zaidi. Mto Msimbazi ukijaa, Jangwani hapapitiki, Barabara ya Morogoro inafungwa kati ya Magomeni na Fire, na mabasi ya mwendokasi ya Kimara hayawezi kufika mjini. Mgeni angedhani hilo halimhusu mtu wa Gongo la Mboto. Linamhusu sana. Wenye magari wa Kimara na Mbezi wakikosa kupita Jangwani, wengi wao hukata Ubungo na kushuka na Barabara ya Mandela kupitia Tabata, wakitafuta kuingia mjini kwa Buguruni au Tazara, pale Mandela inapokutana na Nyerere yetu. Na Mandela ndiyo barabara ya malori ya bandarini, yanayokwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Sasa ongeza magari yale juu ya malori haya. Nikisikia tu "Jangwani pamefungwa" nikiwa bado Ukonga, nafahamu Tazara kutakuwaje nusu saa baadaye, hata kama wakati huo hapana shida yoyote. Ramani inaonyesha palivyo sasa hivi. Mtu anayeujua mji akisikia sababu, anaweza kukisia patakavyokuwa, na kukisia huko ndiko kunakonisaidia kuamua kama nishuke nipande bodaboda mapema au nibaki kwenye kiti.

Napenda pia jinsi watangazaji wanavyotaja mahali. Hawasomi majina ya kwenye vibao. Wanasema Buguruni Sheli, Tabata Relini, Mtoni kwa Azizi Ally, Mbezi kwa Yusufu. Barabara za juu za Ubungo zilifunguliwa mwaka 2021 na bado watu wanasema mataa ya Ubungo, na kila msikilizaji anajua ni wapi hasa. Taarifa ya namna hiyo inanifikia ikiwa na ukubwa unaonitosha: najua foleni imeanzia wapi na inaishia kituo gani. Ila naona ugumu wake kwa mtu aliyehamia juzi kutoka Mwanza au Tabora. Huyo anasikia majina matupu. Kwa bahati nzuri kwenye daladala hakosekani mtu wa kumwelekeza, na mara nyingi ni mama wa makamo mwenye kapu la Kariakoo, ambaye anajua barabara hizi kuliko sisi sote.

Yapo yanayonikera, na nayasema kwa sababu nazipenda taarifa hizi. La kwanza ni muda. Ujumbe wa msikilizaji unapokelewa, unasubiri matangazo ya biashara, unasubiri wimbo, ndipo unasomwa. Foleni haisubiri. Mara nyingine tunaambiwa Tazara hakupitiki huku sisi tuko juu ya daraja la Mfugale, palepale Tazara, tunapita vizuri tu, na dereva anabaki kuuliza abiria amwamini nani.

La pili ni njia za kuzunguka. Mtangazaji akishawaambia watu wapitie njia za ndani za Vingunguti, wote waliomsikia wanaingia huko, na barabara ile haina upana wa kuwabeba. Sisi wa daladala hata ushauri wenyewe hautufai. Daladala ina leseni ya ruti yake na ina watu wanaoisubiri vituoni. Dereva akikatisha kupitia mitaani, yule aliyesimama Vingunguti au Jeti toka alfajiri anakosa usafiri.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo linaloniuma zaidi. Sikiliza taarifa za asubuhi kwa makini utaona barabara zinazotajwa sana: Mwenge, Morocco, Barabara ya Bagamoyo, daraja la Selander. Mbagala inatajwa kidogo. Chanika, sijui kama umewahi kuisikia. Sidhani kama kuna mtu studio anayepanga kutubagua. Taarifa hizi zinategemea wasikilizaji wanaopiga na kutuma ujumbe, na mwenye nafasi ya kutuma ujumbe ni aliyekaa peke yake kwenye gari lake lililosimama. Aliyening'inia mlangoni Mbagala Rangi Tatu, mkono mmoja kwenye bomba na mwingine umeshika mtoto au mfuko, anatuma saa ngapi? Kwa hiyo foleni za wenye magari zinasikika na za wenye kusimama hazisikiki, katika mji ambao sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni tano na wengi wetu tunapanda daladala.

Suala la redio zenyewe nalo lina vituko vyake. Koasta na Haisi nyingi za daladala zimetoka Japani zikiwa zimeshatumika, na redio za huko zimezoea masafa ya chini ya FM kuliko ya kwetu. Gari likifika, redio yake inashika stesheni chache tu za mwanzo. Fundi huunga kifaa kidogo kwenye waya wa antena kinachoshusha masafa, na baada ya hapo namba inayoonekana kwenye redio haifanani na ile anayoitaja mtangazaji. Dereva asiyekuwa na kifaa hicho anasikiliza kinachopatikana, na abiria wote tunasikiliza naye. Ndiyo maana kwenye gari moja tutajua kuna ajali Kamata, na kwenye gari la nyuma yetu hawajui lolote, ingawa wote tumeshikwa na foleni ileile.

Kwa mtangazaji yeyote atakayesoma hapa, ninayo maombi. Unaposoma ujumbe, taja umetumwa saa ngapi. Ukitaja foleni, taja na chanzo chake kama unakijua, na kama hukijui muulize msikilizaji wa karibu na hapo, atakujibu haraka. Chukueni namba za makondakta wa Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika na Kigamboni, muwapigie nyinyi, msisubiri wawapigie. Konda anapita barabara moja kutwa nzima na anajua hata trafiki wa zamu leo anaita upande upi kwanza. Na jambo moja ambalo karibu silisikii kabisa: foleni ikiisha, rudini mseme imeisha. Kuna mtu amekaa nyumbani Pugu, ameshavaa viatu, anasubiri neno hilo tu ili atoke.