R kwenye kompyuta kuukuu, bila intaneti nyumbani

Vijana wa Micheweni, huku Pemba, wananiuliza kila mara R, programu ya bure ya takwimu na michoro, inawekwaje kwenye kompyuta kuukuu, nyumba haina intaneti ya kutegemea. Inawekwa, na inafanya kazi. Mimi naitumia kwa vipimo vya joto la maji kwenye mashamba ya mwani. Kina mama wakishuka pwani wakati wa bamvua, mmoja huzamisha kipimajoto karibu na vigingi, anasubiri, kisha ananisomea namba niandike daftarini pamoja na saa. "Mwanangu, upande huu yanachoma leo, hebu andika," ananiambia. Mwani wa cottonii haustahimili maji ya moto, na wao wanalijua hilo kwa kamba zinazobaki tupu. Wanachotaka kwangu ni mchoro: joto linapanda miezi gani, na upande upi wa shamba.

Kabla hujapakua chochote, angalia Windows yako ni ya biti ngapi. Ukikuta 32, jua kwamba R iliacha kuzihudumia kompyuta hizo kuanzia toleo 4.2.0, mwaka 2022. Chukua 4.1.3, CRAN (tovuti rasmi ya kupakulia R) bado inalo kwenye matoleo ya zamani. RStudio mpya, ile programu ya kuandikia R, itakukatalia, lakini R inakuja na dirisha lake, na linatosha kabisa. Anayekwambia kompyuta hiyo ni ya kutupa, usimsikilize.

R yenyewe ni faili moja tu. Tabu iko kwenye vifurushi, si vya bando, bali programu ndogo za kuiongezea R uwezo. Ggplot2 ya kuchorea ni kama bi harusi: hukumwalika peke yake, umealika ukoo mzima. Inahitaji scales, rlang, gtable, na hivyo navyo vina vyao. Wengi wanapakua ggplot2 pekee mjini, wakifika nyumbani inagoma, na bando limeshakwisha.

Basi nenda Chake au Wete penye intaneti nzuri, utumie kompyuta hiyo hiyo au nyingine yenye R ya toleo lile lile. Tengeneza folda iitwayo R kwenye flashi (yangu inasomeka E), kisha andika:

ukoo <- tools::package_dependencies("ggplot2", db = available.packages(type = "win.binary"), recursive = TRUE)[[1]]
download.packages(c("ggplot2", ukoo), "E:/R", type = "win.binary")

Hiyo recursive ndiyo inayowatafuta jamaa wa jamaa. Na win.binary usiiache, ili zije zip zilizokwisha kuundwa. Utaonywa kwamba stats na grid hazipatikani. Usishtuke, hizo zimo ndani ya R tangu mwanzo. Ukirudi nyumbani, huhitaji hata megabaiti moja:

install.packages(list.files("E:/R", full.names = TRUE), repos = NULL)

Flashi hiyo sasa mgaie mwenzako. R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo 1.0.0 likatoka tarehe 29 Februari 2000. Leseni yake, GPL, inakuruhusu waziwazi kunakili na kugawa. Nalisisitiza hili kwa sababu nawaona wanafunzi wetu wakipeana programu za takwimu za kulipia zilizovunjwa kufuli, na humo humo wanapeana virusi. Inaniuma mtu aliyelelewa vizuri, aliyesomeshwa kwa pesa za karafuu, aanze utafiti wake kwa kitu cha wizi ilhali cha halali kipo, na katika kazi za takwimu chenyewe kinaheshimika dunia nzima.

Flashi yangu ina 4.1.3, ggplot2 na ukoo wake wote. Wa skuli, wa chuo, hata mvuvi anayetaka kuhesabu samaki wake, aje baada ya sala ya alasiri. Aje na kompyuta na chaja, maana betri za mtumba hazifiki mwisho wa kazi.