Vibao vipya vya rafu

Leo jioni tumemaliza kuweka vibao vipya upande mmoja wa ukumbi wa kusomea wa maktaba yetu, rafu za namba 000 hadi 399. Mikono bado inanuka gundi, lakini nataka niandike kabla ya kulala, maana kazi hii wengi wanaiona ndogo na mimi naiona ndiyo kubwa kuliko zote tulizozifanya mwaka huu.

Vibao vya zamani vilikuwa karatasi zilizobandikwa kwa selotepu. Hapa Tanga selotepu haidumu. Joto na unyevu vinailainisha, karatasi inajikunja, mwisho inadondokea nyuma ya vitabu. Vichache vilivyosalia vilikuwa na namba tupu: 340, 610, 630. Sisi wa maktaba tumezizoea namba hizo. Mfumo wa Melvil Dewey, unaopanga vitabu kwa namba kufuata mada, umekuwapo tangu mwaka 1876, na ukishauelewa unakupeleka moja kwa moja kwenye kitabu. Lakini mtu aliyepanda daladala kutoka Pongwe kuja kutafuta kitabu cha ufugaji wa kuku, 636.5 haimwambii kitu.

“Si aulize tu?” Ndivyo nilivyojibiwa nilipoomba vifaa. Kuuliza ni kazi nyepesi kama unatafuta kitabu cha kemia. Juzijuzi alikuja mama mmoja mtu mzima, akawa anazunguka kati ya rafu. Nikamwamkia, nikamuuliza kama anahitaji msaada. “Natazama tu, mwanangu.” Baada ya muda mrefu nikamwona amesimama kwenye vitabu vya sheria, ameshika kitabu cha mirathi, anasoma huku ameegemea rafu. Asingeweza kulitamka hilo pale mezani, nyuma yake foleni ya wanafunzi wa kidato cha nne. Wako wengi wa namna hiyo: anayetaka kusoma kuhusu talaka, kisukari, virusi vya UKIMWI, uzazi wa mpango. Kibao kizuri kinampeleka mtu anakotaka bila yeye kumweleza yeyote shida yake. Hilo kwangu ni heshima anayostahili kila anayeingia mlangoni.

Kwa hiyo tumeandika maneno makubwa, namba chini yake kwa maandishi madogo: Ndoa, Talaka na Mirathi. Magonjwa na Tiba. Kuku, Ng'ombe na Mbuzi. Herufi kubwa tumeziweka mwanzoni mwa neno tu, kwa sababu neno lililoandikwa lote kwa herufi kubwa linachosha kulisoma kwa mbali. Maandishi ni meusi, karatasi ya manjano. Plastiki ya laminesheni tumechagua isiyong'aa. Ile ya kung'aa inarudisha mwanga wa taa na ukisimama pembeni huoni neno hata moja. Na wakati wa kukata tuliacha ukingo wa plastiki upana wa kidole kuzunguka karatasi. Ukikata sawasawa na karatasi, unyevu unapenya, na baada ya masika utaona madoa.

Jambo lililonipa raha zaidi ni vile vya ubavuni. Kibao kilichobandikwa bapa kwenye rafu kinasomwa na aliyekwisha kufika mbele yake, yaani mtu asiyekihitaji tena. Fundi ametukatia vipande vya plaiwudi, tukavifunga kwa skrubu vitokeze kwenye njia, maandishi pande zote mbili. Sasa ukiingia unaona safu nzima mpaka dirishani.

Rafu ya dini ndiyo iliyotuweka sana. Katika mpango wa Dewey, namba za 220 hadi 280 karibu zote ni za Ukristo, na Uislamu wote umebanwa kwenye 297. Kwa mji kama huu hiyo ina maana namba moja inajaza rafu baada ya rafu, na vitabu vinatofautishwa kwa tarakimu ndefu baada ya nukta ambazo msomaji hana haja ya kuzikariri. Tukaipa 297 vibao vyake vya ndani: Qurani na Tafsiri, Hadithi, Fiqhi, Sira. Na kwa kuwa vitabu vya mirathi ya Kiislamu kwetu vimegawanyika, vingine kwenye dini na vingine kwenye sheria, kila upande una kibao cha “tazama pia”. Sioni kwa nini mtu arudi nyumbani mikono mitupu wakati anachokitafuta kipo hatua chache tu.

Bado kona ya watoto. Ngano ziko 398.2 na ndizo zinazoazimwa kuliko vyote. Vibao vya huko vitashuka chini, usawa wa macho ya mtoto wa darasa la pili, na kila kimoja kitakuwa na picha: sungura, nyota, mpira. Fundi ataleta mbao Jumatatu. Nimemwomba apige msasa kingo zote, kwani hapo lazima washike.