Nilivyokausha Vitunguu Vyangu Kitandani

Ukiotesha vitunguu maji nyuma ya nyumba hapa Dodoma, kila mpita njia anakuwa bwana shamba. Jirani yangu, mzee ninayemheshimu katika mambo mengine yote, alinisihi niyakanyage majani ili vitunguu vikomae upesi. Nilikataa, kwa kuwa jani linalovunjwa likiwa bado bichi huacha jeraha shingoni, na uozo huanzia hapohapo. Niliacha kumwagilia kama wiki mbili hivi, nikasubiri zaidi ya nusu ya majani yalale yenyewe, ndipo nikang'oa.

Mzee hakukata tamaa. "Mwanangu, kitunguu ni jua," alisema, "vimwage juu ya bati, kesho kutwa unafunga gunia." Ili tusikosane nikampa fungu moja, akalipandisha mwenyewe juu ya banda la kuku. Kufikia saa nane mchana bati lilikuwa halishikiki. Upande wa vitunguu uliotazama jua ulipauka na kulainika kana kwamba umechemshwa, na siku chache baadaye sehemu hizo zikaanza kutoa maji na harufu iliyomfanya mzee abadilishe mazungumzo na kuulizia habari za mvua, katikati ya Julai.

Vyangu nilivilaza kitandani, na kwa hili najisifu bila haya. Stoo kulikuwa na kitanda cha kamba kilicholegea hata hakilaliki; nikazifumua kamba zote, nikawamba waya wa kuku uliobaki nilipojenga banda, na gharama yangu ikawa misumari tu, elfu mbili tatu hivi. Nilikiweka barazani, kivulini, upande unaopokea upepo, nikakiinua juu ya matofali ili hewa ipite hata chini, maana wakati wa kipupwe upepo wa Dodoma ni mkavu na hufanya kazi nzuri kuliko jua. Vitunguu nilivipanga safu moja, pamoja na majani yake yote. Wanaokata majani siku ya kung'oa wananishangaza, kwani shingo mbichi iliyokatwa haifungi vizuri.

Nilijua vimekauka pale shingo ziliponywea, nikiziminya hazitelezi, na maganda ya nje yakawa yanachakarika. Hapo nikakata, nikiacha shingo yenye urefu wa kama vidole viwili. Kuviosha ni kuharibu kazi yote; udongo mkavu hupukutika wenyewe. Vyenye shingo nene na vile vilivyotoa maua nilivipeleka jikoni kwanza, kwa sababu havihifadhiki hata ukivibembeleza. Vilivyobaki vilitundikwa stoo katika mifuko ya wavu, mbali na viazi, ambavyo hutoa unyevu.

Bei ilipopanda sokoni mwishoni mwa mwaka, bado nilikuwa nikichukua vya kwangu, na vilivyokuwa vimeanza kuchipua vilikuwa vichache.