Tulivyobadili jina la kampuni yetu ya unga

Nilisimama pembeni ya kaunta ya duka moja Mbagala, Dar es Salaam, kama mteja wa kawaida. Mama mmoja akaja: "Mangi, nipimie unga wa kinu, kilo mbili." Mangi akachota kwenye kiroba chetu. Miaka 11 kiroba hicho kilibeba jina la kampuni kwa herufi kubwa nyekundu, vifupisho vya majina ya waanzilishi watatu, na chini yake kipicha kidogo cha kinu na mchi. Nikazunguka Manzese na Tandale, kote ni "unga wa kinu". Jina lenyewe hakuna aliyelitamka.

Mzee, mwenye kampuni, alinituma nitafute jina jipya, na tayari alikuwa na orodha ya majina ya Kiingereza. Nikamwambia, "Mzee, wateja walishatubatiza." Alinyamaza muda mrefu. Herufi ya kwanza ya jina la zamani ilikuwa ya marehemu kaka yake. Tulikubaliana herufi zile zibaki kwenye geti la kiwanda, Morogoro, na zipo mpaka leo.

Wanahisa wakapitisha azimio maalumu, ambalo linataka robo tatu ya kura, tukaomba BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao. Kwa neno "kinu" tuliongeza neno la pili ili lisigongane na majina ya wengine. Namba ya usajili wa kampuni ilibaki ileile, na TIN, namba ya mlipakodi, pia, jambo lililompa mhasibu usingizi. Alama ya biashara tuliiombea daraja la 30, ambamo unga umo. Usajili wake ni wa miaka 7, kisha unauhuisha kwa miaka 10 kila mara. TBS, shirika la viwango, nao tuliwapelekea lebo kabla ya kuchapisha kiroba hata kimoja.

Nikadhani nimemaliza. Wiki ya kwanza, dereva akashusha mzigo kwa mangi yuleyule wa Mbagala. Mangi akaingiza Lipa Namba yetu ya kupokea malipo kwa simu, simu ikamletea jina la zamani. Akatazama kiroba, akatazama simu, akaghairi malipo. "Kaka, pakia mzigo wako. Huu unga siyo wa wenyewe." Wiki hiyo maduka 6 yalirudisha mzigo. Hawakukosea: ukiona jina hili kwenye kiroba na lile kwenye simu, pesa hutoi.

Nikasimamisha magari siku 9, mpaka Lipa Namba, risiti za EFD, ile mashine ya kodi, na akaunti ya benki zikasoma jina moja. Baadaye niliorodhesha kila mahali jina lilipoandikwa: muhuri, bima ya lori, turubai, fulana za wapakiaji. Nikafika sehemu 43. Ningeanza upya, orodha hiyo ningeiandika siku ya kwanza, na juu kabisa ningeweka kila mahali pesa inapopita.

Viroba vya zamani, kama 8,000 hivi, tulivimalizia Morogoro mjini, ambako watu wanakijua kiwanda na hawana shaka na unga wetu. Mbagala nilirudi mwenyewe na cheti cha BRELA mkononi. Mangi alikisoma chote, akaniuliza kama bei imepanda. Haikupanda. Akachukua viroba 10.

Sasa tunajiandaa kuvuka kwenda Zanzibar. Usajili wa alama wa BRELA unaishia Bara, kwa hiyo kule tunaanza upya na BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar.