Nilivyoisoma picha ya Mercy Otis Warren

Nilianza kwa kuuziba uso wake kwa kiganja. Uso humteka mtazamaji. Ukishajiuliza kama mtu huyu ni mpole au mkali, tayari umeanza kutunga hadithi. Ilikuwa kazi ya darasa la historia, kueleza picha moja ya karne ya 18, nami nikachagua ile ya rangi za mafuta ambayo John Singleton Copley, mchoraji wa Boston, alimchora Mercy Otis Warren, mwandishi wa Massachusetts, koloni la Waingereza huko Amerika, mnamo 1763 hivi. Iko Museum of Fine Arts, Boston. Mimi niliitazama kwenye kompyuta, nikiikuza kipande kwa kipande.

Uso ulipofichwa, likabaki gauni. Hariri ya buluu inayong'aa, mapambo ya fedha, lesi inayomwagika tabaka kwa tabaka kutoka kwenye viwiko. Ningeweza kuandika "tajiri" nikafunga daftari. Ila nina kawaida ya kutafuta kazi nyingine za mchoraji yuleyule, na hapo ndipo utamu ulipoanza: Bi Daniel Sargent na Bi Benjamin Pickman, waliochorwa na Copley kipindi hichohicho, wamevaa karibu gauni hilohilo. Ungedhani ni sare ya harusi! Tena huyu Copley alikuwa hajafika Ulaya, na mitindo aliipata kwenye picha zilizochapwa Uingereza. Mteja wake mwingine, Bi Bowers, alimchora kwa kunakili mkao, nguo na hata mbwa wa bibi mmoja wa Kiingereza aliyechorwa na Reynolds, mchoraji wa Uingereza. Basi gauni halinielezi kabati la Mercy lilikuwa na nini. Linanieleza matajiri wa Massachusetts walitamani waonekane kama nani.

Nikahamia mikononi. Mikono yake inashika mmea utambaao wa nastashiamu, wenye maua ya rangi ya chungwa. Linnaeus, mtaalamu wa mimea, aliyafananisha majani yake na ngao, maua na kofia za vita zenye damu. Hapa kishawishi cha kuliona ua kama ishara ya vita ni kikubwa, maana Mercy baadaye aliandika dhidi ya utawala wa Waingereza, na mwaka 1805 akachapisha historia ya Mapinduzi ya Marekani. Kweli, kaka yake James Otis alishazipinga mahakamani hati za upekuzi, zilizowaruhusu maafisa wa forodha wa Kiingereza kupekua mali za watu, mwaka 1761, kwa hiyo siasa nyumbani zilikuwepo. Lakini ile kodi ya stempu ya Waingereza iliyowasha hasira kwenye makoloni ilikuja 1765. Ua peke yake haliwezi kubeba mzigo huo.

Niliandika kwamba huyu ni mwanamke wa miaka 35 hivi, wa ukoo wenye mali, aliyevikwa umaridadi wa London, na ambaye mchoraji hakutaka mikono yake ikae bure. Mwalimu akauliza mbona mapinduzi sikuyataja. Nikamwonyesha mwaka wa picha.